Kutoka mawe ya redio hadi betri ya saa: historia ya National na mtoto wako anayetambaa

SEHEMU YA 1

Fungua mfuniko wa nyuma wa rimoti ya TV yako, au shika tochi yoyote iliyopo hapo nyumbani. Ukikuta betri imeandikwa Panasonic, ujue umemshika mwenyeji wa siku nyingi. Hiyo ndiyo National, ile ile iliyokuwa imeandikwa kwenye redio ya babu yako. Na kama wewe ni mwenzangu wa Ukonga, Banana, Mombasa au Gongo la Mboto, ukipanda gari kwenda mjini unapita barabara ile ile ambayo kampuni hiyo ilijenga kiwanda chake. Tunaiita Barabara ya Nyerere, ila wazee bado wanasema Barabara ya Pugu.

Najua utauliza, nesi na redio wapi na wapi? Subiri. Nimeanza na kiwanda kwa sababu nataka tufike kwenye betri, na kwenye betri nataka tufike kwa mtoto wako wa miezi tisa anayetambaa na kuokota kila kitu chini. Nitaiandika kwa vipande ili mwenye kunyonyesha anyonyeshe, mwenye ugali jikoni augeuze, halafu arudi.

Aliyeanzisha kampuni hii anaitwa Konosuke Matsushita. Alizaliwa mwaka 1894 kijijini, mkoa wa Wakayama huko Japani, mtoto wa mwisho kati ya watoto wanane. Baba yake alikuwa na ardhi na uwezo, lakini akaingia kwenye biashara ya kubahatisha bei ya mchele, mali ikaisha. Mwaka 1904, mtoto akiwa na miaka 9 tu, akatolewa shule na kupelekwa mjini Osaka kufanya kazi. Unajua kazi yake ya kwanza? Kibarua kwenye duka la majiko ya mkaa. Baadaye akahamia duka la baiskeli. Huyo ni mtoto wa darasa la tatu au la nne kwa hesabu ya kwetu.

Hapa kama nesi lazima nisimame kidogo. Familia ile ilimalizwa na maradhi. Kijana alipofika miaka ishirini na kitu, wazazi wote wawili na karibu ndugu zake wote walikuwa wameshafariki, na yeye mwenyewe daktari alishamwambia mapafu yake hayako sawa, apumzike. Kupumzika atapumzika vipi na analipwa kwa siku? Hospitali hilo tunaliona kila wiki, mgonjwa unamwandikia mapumziko, anakuangalia tu. Maana yake wewe umeandika kitu ambacho yeye hana hela ya kukinunua.

Basi, akapata kazi kwenye kampuni ya umeme ya Osaka. Akabuni soketi ya taa iliyo bora kidogo, akampelekea bosi wake, bosi akaitupilia mbali. Mwaka 1917 akaacha kazi. Akaanza kutengeneza soketi zake nyumbani, na mwanzo ulikuwa mbaya kwelikweli, waliuza kama mia moja hivi. Mke wake, Mumeno, ndiye aliyeshika nyumba. Alipeleka kimono zake na vitu vyake vya thamani kwa wakopeshaji, akaweka rehani ili wapate chakula. Vitabu vingi vinamtaja mume kwa kurasa mia na mke kwa mistari miwili. Mimi nasema bila zile nguo za Mumeno kampuni isingekuwepo, tungekuwa tunaongelea nyingine leo.

Walichowaokoa ni oda ya vipande elfu moja vya kuhami umeme kwenye feni. Hela hiyo ndiyo iliyowavusha, na mwezi Machi 1918 wakafungua kampuni rasmi, kwenye nyumba ya kupanga, chini karakana, juu wanalala. Wafanyakazi watatu: Konosuke, Mumeno, na kaka mdogo wa Mumeno, Toshio Iue, kijana mdogo tu wakati huo. Huyo shemeji alikuja kuanzisha kampuni yake baadaye, inaitwa Sanyo. Ndiyo, Sanyo ile ile unayoijua wewe.

SEHEMU YA 2

Kilichomtoa Matsushita ni taa ya baiskeli.

Wakati ule taa nyingi za baiskeli zilikuwa za mshumaa au mafuta, upepo ukipiga zinazimika. Za betri zilikuwepo, ila zilidumu saa mbili tatu, betri imekufa. Mwaka 1923 akatoa taa yenye umbo la risasi iliyoweza kuwaka saa 30 hadi 50. Wenye maduka wakakataa. Walishaumizwa na taa za betri, hawakutaka kusikia. Akafanya kitu cha akili: akawa anapeleka taa dukani bure, anaziwasha, anaziacha zinawaka. Mwenye duka anafunga jioni taa inawaka, anafungua asubuhi taa inawaka. Baada ya hapo wakaanza kumtafuta wenyewe.

Mwaka 1927 akatoa taa nyingine ya mraba, ya kushika mkononi, na hiyo ndiyo ya kwanza kupewa jina la National. Betri alikuwa hatengenezi mwenyewe bado, alinunua kwa mtu. Akamwendea muuza betri akamwambia nipe betri 10,000 za bure nigawe na taa za majaribio, nami nakuahidi ndani ya mwaka nitakuuzia 200,000. Yule bwana akakubali kwa mashaka. Mwaka ukaisha zimeuzwa 470,000.

Lakini mwaka huohuo wa 1927 Konosuke na Mumeno walizika mtoto wao wa kiume, mchanga, hajatimiza mwaka. Kwenye historia za kampuni jambo hili huwekwa pembeni, taa inawekwa katikati. Nimeliweka hapa kwa sababu wasomaji wangu wengi ni akina mama, na wapo humu waliozika. Japani ya wakati ule, pamoja na viwanda vyake, bado watoto walikuwa wanakufa sana. Umeme ulitangulia kuingia kwenye nyumba nyingi kabla ya afya.

Tuendelee. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipoanza mwisho wa 1929, ghala likajaa mali isiyouzika. Washauri wakasema apunguze nusu ya wafanyakazi. Matsushita akasema punguzeni uzalishaji nusu, watu wafanye kazi nusu siku, mshahara walipwe kamili, hakuna anayefukuzwa, ila siku za mapumziko kila mtu atoke akauze. Ndani ya miezi michache ghala likawa jeupe. Sisemi alikuwa malaika. Wakati wa Vita vya Pili kampuni yake ilitengeneza vifaa vya jeshi, hadi meli za mbao na ndege, na baada ya vita Wamarekani walioikalia Japani walimwekea vikwazo. Chama cha wafanyakazi wake mwenyewe ndicho kilichozunguka kukusanya saini ili asiondolewe. Wafanyakazi wangapi wangefanya hivyo kwa bosi wao?

Mwaka 1931 alianza kutengeneza redio na betri zake mwenyewe. Mwaka uliofuata akawakusanya wafanyakazi akawapa msemo wake maarufu: bidhaa za nyumbani ziwe nyingi na rahisi kama maji ya bomba, maskini apate bila kuhangaika. Wazo zuri. Ingawa mtu wa Ukonga akisikia mfano huo anaweza kucheka, maana huku kwetu kuna mitaa maji yenyewe ilikuwa ni kusubiri boza na kupanga madumu.

SEHEMU YA 3

Sasa tuje nyumbani.

Baada ya vita Matsushita alianza kujenga viwanda nje, Thailand mwaka 1961, kisha nchi nyingine. Mwaka 1966 ikaanzishwa Dar es Salaam kampuni iliyoitwa Matsushita Electric Company (East Africa), ya kutengeneza redio na betri za National. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru miaka mitano tu nyuma, Muungano una miaka miwili, Azimio la Arusha bado halijatangazwa, lilikuja mwaka uliofuata. Philips wa Uholanzi nao walikuja kuwa na kiwanda cha redio kule Arusha. Kwa hiyo kuna kizazi kizima cha Watanzania ambacho redio yake ilifungwa skrubu na Mtanzania mwenzake.

Kwa nini redio na betri, na siyo pasi au friji? Jibu ni rahisi. Vijijini umeme haukuwepo. Redio ya transista ilikuwa haihitaji waya wala nguzo, inahitaji betri tu, zile kubwa za duara. Kijijini watu waliziita mawe. "Mawe yameisha" maana yake leo hakuna taarifa ya habari. Mchana utayakuta yameanikwa juani juu ya bati, yapate nguvu kidogo za jioni. Wengine waliyaweka karibu na moto, wengine waliyang'ata kwa meno. Shikilia hapo kwenye kung'ata, nitarudi.

Na kituo chenyewe cha Radio Tanzania Dar es Salaam, kilichopewa jina hilo mwaka 1965, nacho kilikuwa kwenye Barabara hiyohiyo ya Pugu. Yaani sauti na redio ya kuisikilizia vyote vilitoka upande wetu huu. Saa za Mama na Mwana watoto walikaa kimya nchi nzima. Pwagu na Pwaguzi ikianza, hata mwenye deni aliyekuja kudai alikaa kwanza asikilize.

Ila kitu ninachotaka mkijue hasa ni kampeni ya mwaka 1973 iliyoitwa Mtu ni Afya. Nashangaa tunasomeshwa mambo ya afya ya jamii chuoni miaka mitatu na hii inapita kwa haraka, wakati ni moja ya kazi kubwa za elimu ya afya zilizowahi kufanyika Afrika. Iliandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pamoja na Wizara ya Afya na Radio Tanzania. Ilikuwa hivi: watu wanaunda kikundi kijijini, wana kiongozi aliyepewa mafunzo, wana kijitabu, na wana redio moja. Mara moja kwa wiki, kwa wiki 12, wanakusanyika kusikiliza kipindi, kikiisha mmoja anasoma kijitabu, wanajadiliana, halafu wanaamua kitu cha KUFANYA. Magonjwa yaliyolengwa yalikuwa malaria, minyoo ya safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu.

Walioshiriki walikuwa kama milioni 2. Nchi nzima wakati ule ilikuwa na watu wasiozidi milioni 15, wakiwemo watoto. Hesabu mwenyewe. Na hawakuishia kusikiliza, walichimba vyoo kwa mamia ya maelfu, wakafyeka majani kuzunguka nyumba, wakafukia madimbwi, wakaanza kuchemsha maji. Wengi wao hata kusoma walikuwa hawajui, kisomo chenyewe kilikuwa ndiyo kinapamba moto miaka ileile.

Sasa nionyeshe kampeni ya leo, yenye mabango na fulana na msanii, iliyochimba vyoo kwa kiasi hicho. Mimi sijaiona. Na kilichoibeba ile ilikuwa redio moja kwa kikundi kizima na mawe manne. Mawe yakiisha nguvu katikati ya kipindi cha minyoo, kijiji kizima kinakosa somo la minyoo. Ndiyo maana nasema kiwanda cha betri kilikuwa sehemu ya afya ya nchi hii, ingawa hakuna aliyekiweka kwenye orodha ya vituo vya afya.

Halafu kuna tochi. Muulize mkunga yeyote aliyestaafu aliyefanya kazi zahanati za vijijini. Kibatari kinatoa moshi na kivuli, chemli haikuonyeshi unachotaka kuona. Kushona msamba, kutafuta damu inatoka wapi, kuangalia kama kondo limetoka lote, hayo yalifanyika kwa mwanga wa tochi aliyoishika mama mkwe au dada wa mzazi, na mkono wa mshikaji ukitetemeka mwanga nao unahama. Siku hizi ni tochi ya simu. Bado sehemu nyingine ni tochi ya simu, na bado mkono ni wa mama mkwe.

SEHEMU YA 4 (fupi)

Mwisho wa miaka ya 70 na mwanzo wa 80 mambo yakawa magumu. Bei ya mafuta ilipanda duniani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, ikaja vita ya Kagera 1978 hadi 1979, nchi ikaishiwa fedha za kigeni. Kiwanda cha betri kinahitaji malighafi za nje kama viwanda vingine vyote, na bila dola hakuna malighafi. Waulize wazazi wenu kuhusu foleni za maduka ya ushirika: sukari, sabuni, unga, na betri. Redio nyingi zilikaa juu ya kabati zimefunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono, nzima kabisa, hazina mawe. Mtu akisafiri kuja Dar aliagizwa betri kama leo unavyomwagiza mtu wa Dubai simu.

Kuanzia 1984 biashara ikaanza kulegezwa, na ilipofika enzi ya ruksa ya Mzee Mwinyi mali za nje zikamwagika. Redio za bei chee zikaingia. Betri za China zikaingia, Tiger Head kutoka Guangzhou zikajaa kila duka la mangi. Ikawa nani atahangaika kuunganisha redio Dar wakati inashushwa bandarini imeshakamilika? Kilichobaki na maana ya kutengenezwa hapa ni betri.

Jina nalo likabadilika. Panasonic ni jina ambalo Matsushita walilitumia tangu 1955 kwenye vifaa vya sauti vya kuuza nje, sehemu ambazo jina la National lilikuwa na wenyewe. Kuna kipindi vifaa viliandikwa yote mawili, National Panasonic, na huku kwetu ndivyo wengi tulivyolishika. Mzee Konosuke alifariki Aprili 1989, ana miaka 94. Yule aliyeambiwa mapafu mabovu! Mwaka 2008 kampuni nzima ikaacha jina la familia, ikaitwa Panasonic Corporation, na National ikastaafishwa hata kwao Japani. Kampuni ya betri ya Dar nayo ikafuata jina la Panasonic.

Kwa hiyo tumekaa na betri za kampuni hii kizazi hadi kizazi. Na hapo ndipo tatizo langu la hospitali linapoanzia.

SEHEMU YA 5 (hii ndiyo niliyokuwa nakuja nayo)

Kwa miaka yote hiyo betri ilikuwa kitu cha kuzoeana nacho. Tuliokua miaka ya 90 tulipasua mawe yaliyokwisha, tukatoa ule mti mweusi wa kaboni wa katikati, tukaandikia ukutani kama chaki. Unga mweusi ulipakwa ubao wa shule. Mtoto akilia akapewa betri kuukuu azungushe chini kama tairi. Siyo kwamba ilikuwa salama, ule unga una manganizi, na ukiingia machoni au mdomoni siyo kitu cha kuchezea. Lakini kwa kumeza, hapana. Jiwe la redio lina upana wa zaidi ya sentimita 3 na urefu wa sentimita 6. Hakuna mtoto anayelimeza. Hata anayeling'ata kwa meno anapata ladha mbaya na kutema.

Basi tukajifunza kwamba betri haina neno. Bibi alijifunza hivyo, akamfundisha mama, mama akakufundisha wewe. Betri ikabadilika, sisi hatukubadilika.

Angalia betri ya saa. Hiyo bapa, inayong'aa kama shilingi. Panasonic nao ni miongoni mwa watengenezaji wake wakubwa, pamoja na kampuni nyingine nyingi. Inayotumika sana imeandikwa CR2032. Nikuambie namba hizo zina maana gani: 20 ni upana wa milimita 20, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Ndani yake kuna manganizi ileile ya jiwe la redio, ila imeunganishwa na madini ya lithiamu, na kidude hicho kidogo kina nguvu ya volti 3, wakati lile jiwe kubwa zima lina 1.5. Kama nguvu mara mbili ndani ya kitu cha ukubwa wa sarafu, na upana wake unakwama vizuri kabisa kwenye koo la mtoto mdogo.

Watu wanadhani hatari ni betri kupasuka tumboni na kumwaga sumu. Siyo hivyo. Ikikwama kwenye njia ya chakula, pande zake zote mbili zinagusa nyama yenye unyevu, umeme unapita, na upande wa hasi kinatengenezwa kitu kikali kama magadi ya kutengenezea sabuni. Kinaunguza. Betri haijatoboka, haijavuja, hata inaweza kuwa ilishaishiwa nguvu kwenye kifaa chako, bado inaunguza. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa MBILI. Inaweza kutoboa koo hadi kwenye njia ya hewa, au hadi kwenye mshipa mkubwa wa damu, na hii ya mshipa inaweza kutokea siku kadhaa baada ya betri kutolewa. Marekani mwaka 2022 walitunga sheria inayotaka sehemu ya betri hizi isifunguke bila kifaa au bila mikono miwili kufanya kazi kwa pamoja. Sheria hiyo inaitwa kwa jina la mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu aliyefariki kwa betri ya rimoti.

Sasa zungusha macho nyumbani kwako. Funguo ya gari yenye rimoti. Mzani mdogo wa jikoni. Viatu vya mtoto vinavyowaka taa akikanyaga. Midoli inayoimba. Vitaa vya mapambo vya elfu mbili mbili vya Kariakoo. Kile kihesabio cha tasbihi cha kuvaa kidoleni. Na kipimajoto cha kidijitali, ndiyo, kile nilichokushauri mwenyewe ununue, nacho kina betri ya saa, ndogo zaidi. Vingi mfuniko wake hauna skrubu, kikianguka mara moja tu betri inaruka chini ya kochi. Kisicho na skrubu kizungushie gundi ya karatasi ngumu, au kipandishe juu ambako mtoto hafiki. Betri iliyokwisha usiiache kwenye sahani ya funguo, izungushie gundi ya karatasi pande zote kabla hujaitupa.

Dalili ndiyo shida, maana mara nyingi hakuna aliyemwona mtoto akimeza. Utaona udenda unatoka sana, anakataa kula au anakataa vigumu anakubali maziwa tu, anakohoa, anatapika, anakoroma, homa. Ukiangalia, hizo ni dalili za mafua, za kifua, za tonsesi. Na huku kwetu kuna wengine wakiona kikohozi na mtoto hali, jibu ni moja: kimeo, akakatwe. Mama yangu, nakuomba. Mtoto mwenye betri kooni ukimpeleka kukatwa kimeo umempotezea zile saa mbili na umemwongezea kidonda. Kimeo kisikatwe kabisa, lakini hata kama hunielewi kwenye hilo, anza na hospitali yenye X-ray. Betri kwenye picha inaonekana kama duara lenye mstari wa pili ndani yake, haijifichi.

Ukijua au ukihisi amemeza, usimtapishe. Usimpe ugali wala ndizi "imsukume ishuke". Kama ana zaidi ya mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hayajapita masaa 12, mpe asali: vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita, na umpe MKIWA NJIANI. Asali inapunguza kuungua kidogo, haitoi betri. Kama huna asali nyumbani usipoteze muda kwenda kuitafuta dukani. Chini ya mwaka mmoja hapewi asali kwa hali yoyote, kuna ugonjwa mbaya wa vichanga unaotokana nayo. Betri ikiwa puani au sikioni, asali haihusiki na usichokoe na kibiriti. Panda bodaboda, panda bajaji, njoo. Kama hospitali ya karibu haina wa kuitoa, watampa rufaa, lakini picha iwe imeshapigwa.

Na ukifika mapokezi usiseme "mtoto anakohoa", utawekwa kwenye foleni ya wanaokohoa, na asubuhi foleni hiyo unaijua. Sema "nahisi mtoto amemeza betri". Sema kwa sauti. Kama kuna betri nyingine ya aina ileile, au pakiti yake, au kifaa chenyewe, njoo nacho mkononi, tusome hiyo namba.